Paka aeleweke kwanza kabla ya kutiliwa sumu

Wahenga waliposema kuwa paka wa nyumba haingwa, yamkini hawakuwahi kupanga chumba katika ploti ya Obunga. Huku kwetu paka huingwa alfajiri akikutwa juu ya utandiko wa samaki, huingwa adhuhuri akijinyoosha kwenye nguo zilizoanikwa, na usiku huingwa kwa mawe kwa kuwa kilio chake husadikiwa kuwa cha kiumbe aliyetumwa na adui. Mwezi uliopita wapangaji wa ploti ninamoishi walikutana uani wakaafikiana kwamba kila chumba kichange pesa za kununua sumu. Mashtaka yalikuwa matatu: samaki wameliwa, mlango wa jirani umekojolewa mara kadhaa, na mtoto mmoja amekwaruzwa mkononi. Nilipopinga, mama mmoja ambaye riziki yake ni kukaanga samaki aliniambia, "Mwalimu, samaki wangu wameliwa. Utanilipa wewe?" Mwingine akaongeza kuwa sisi walimu hatuwezi kuona jambo pasi na kuligeuza kuwa somo.

Basi na liwe somo, maana ninaamini kuwa paka anahukumiwa kwa makosa ambayo kwa sehemu kubwa ni ya nyumba anamoishi, na kwamba anayetaka kumrekebisha paka sharti aanze kwa kuirekebisha nyumba.

Kwa msomaji asiyeijua Obunga, mtaa huu uko katika mji wa Kisumu, si mbali na Kondele, na jina lake halitajwi bila kutajwa mgongo wazi. Mbuta aliletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Viwanda vya kutoa minofu ya kuuzwa ng'ambo vilipostawi katika miaka ya 1980, mnofu ulisafirishwa Ulaya na kwingineko, na kilichobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa, kilikuja kwetu. Akina mama wa Obunga walikianika na kukikaanga, wakakifanya kitoweo cha wasiomudu samaki mzima. Ni biashara ya heshima, na imesomesha watoto wengi. Lakini mtaa unaoanika mifupa ya samaki juani kisha ukastaajabu kwamba paka wamefika, unastaajabia kile ulichokialika wenyewe.

Na hivyo ndivyo paka alivyokuja kwa binadamu tangu mwanzo. Asili yake ni paka-mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo yumo katika nyika zetu za Kenya. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wa majumbani kote ulimwenguni wametokana na paka-mwitu huyo wa eneo la Mashariki ya Karibu. Watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka huko, takriban miaka 10,000 iliyopita, panya walifuata nafaka na paka akawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus, wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza mwaka 2004 kwamba wamepata mifupa ya paka aliyezikwa kando ya mtu miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Hakuna aliyemtia kamba shingoni. Alijileta, akaona panamfaa, akakaa.

Tofauti hii na mbwa ni kubwa kuliko tunavyodhani. Wahenga wa mbwa waliishi na kuwinda kwa makundi, kwa hiyo mbwa alirithi namna nyingi za kunyenyekea na kusihi ili asitengwe na wenzake. Paka-mwitu huwinda peke yake. Hakuhitaji kumwomba mtu radhi, na paka wetu hakurithi lugha hiyo. Ukimgombeza mbwa atajikunyata, nawe utaridhika kwamba amejuta. Ukimgombeza paka atakutazama kidogo, kisha ataulamba mguu wake wa mbele. Wengi huchukulia hilo kuwa ni kiburi, na hapo ndipo fimbo inapotafutwa.

Kuhusu fimbo, walimu wenzangu wana sababu ya kunielewa upesi. Adhabu ya viboko iliondolewa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza waziwazi. Wapo miongoni mwetu wanaoikumbuka fimbo kwa hamu, lakini hata hao wanajua kuwa mtoto akichapwa angalau huweza kuambiwa sababu. Paka haelezwi. Akili yake huunganisha tendo na matokeo yaliyofuatana papo hapo. Aliyeiba samaki saa mbili asubuhi akachapwa saa nne, hachapwi kwa ajili ya samaki. Anachapwa kwa kosa la kuwa karibu nawe saa nne. Atakachojifunza ni kukukimbia wewe. Samaki ataendelea kumwiba, ila safari hii atangoja utoke. Kumsugua pua katika kinyesi chake, kama wafanyavyo wengine, hakumfundishi choo kiko wapi. Humfundisha kwamba mikono ya mtu haiaminiki, na paka asiyeiamini mikono ndiye huyo huyo atakayemkwaruza mtoto kesho.

Ipo dhana nyingine ambayo nimeikuta karibu kila nyumba, kwamba paka akilishwa atakuwa mvivu na panya watatawala. Kwa hiyo hunyimwa chakula makusudi, kisha akidokoa samaki anaitwa mwizi. Lakini hamu ya paka ya kuwinda haitegemei njaa pekee. Mtazame aliyeshiba akiona kitu kidogo kikikimbia sakafuni: atatega masikio, atatikisa makalio, atarukia. Wataalamu wameshuhudia paka wakiacha chakula kitamu katikati ya mlo ili wamkamate panya, kisha wakarudi kumalizia mlo. Mwenye njaa huwinda vilevile, lakini mwenye njaa hana sababu ya kuhangaika na panya mwepesi wa mbio ilhali samaki asiyekimbia yupo juu ya meza. Njaa inayokusudiwa kumfanya awe askari ndiyo inayomfanya awe mdokozi.

Hapa sina budi kukiri kwa niaba ya paka kwamba sifa zake kama muuaji wa panya zimetiwa chumvi. Watafiti waliotega kamera katika jengo moja la Brooklyn, mjini New York, walitangaza mwaka 2018 kwamba katika siku 79 paka waliokuwa humo waliwaua panya wakubwa wawili tu. Panya mkubwa wa mjini ni hasimu wa kuogopwa, na paka mwenye busara humwacha apite. Panya wadogo wa ghalani huwamudu vizuri, na harufu yake huwatia wote hofu ya kuzurura ovyo. Anayetaka kuilinda gunia la mahindi asimwachie paka kazi yote. Atafute pipa lenye kifuniko.

Na chakula gani apewe? Katika ploti zetu paka hula ugali mtupu, ukiwa na mchuzi siku ya bahati. Ugali hujaza tumbo lakini hauwezi kumtosha. Paka ni mla nyama kwa maumbile, na mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 wanasayansi walithibitisha kuwa paka anayekikosa kwa muda mrefu hupofuka na moyo wake hudhoofika. Omena kiasi cha kiganja, waliochemshwa bila chumvi na kuchanganywa na ugali kidogo, wanamfaa kuliko sahani nzima ya ugali. Wachemshwe, kwa kuwa baadhi ya samaki wabichi wana kiini kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwake. Mfupa mgumu wa mgongo wazi uliokaangwa usitupwe mbele yake, kwani huweza kumkwama kooni. Maziwa, ambayo kila kitabu cha hadithi humwonyesha akiyalamba, huwaendesha tumbo paka wengi waliokua. Na anayedhani kwamba paka hupenda sukari ya andazi ajue kuwa ulimi wake hauonji utamu kabisa, jambo lililogunduliwa mwaka 2005. Anachokifuata katika andazi ni mafuta.

Apewe sehemu ndogo mara mbili au tatu kwa siku, na hasa kabla samaki hawajatolewa nje. Mama aniulizaye nani atamlipa ana haki ya kuuliza, kwa sababu samaki watatu kwake ni nauli ya siku au daftari la mtoto. Jibu langu ni kwamba waya wa wavu uliofungwa juu ya fremu ya mbao, ukawafunika samaki wanapokauka, hauna hasira wala haulali. Huzuia paka na nzi kwa pamoja. Paka akijaribu mara kadhaa akakosa, hatarudi, kwani yeye hurudi mahali palipomlipa jana. Lakini akifanikiwa hata siku moja katika kumi, atazidi kubahatisha, kama tuwaonavyo vijana kwenye michezo ya kamari.

Shtaka la mlango uliokojolewa lina historia ya kusisimua zaidi. Paka dume aliyekomaa hapigi mkojo ukutani kwa ufidhuli. Anaandika. Harufu ile huwaarifu wenzake nani amepita, lini, na kama eneo lina mwenyewe. Vivyo hivyo anapokwaruza mlango au kochi: hunoa kucha, hunyoosha mgongo, na huacha harufu itokayo kwenye nyayo zake. Hakuna adhabu itakayomwondolea haja hiyo. Mpe gogo bovu au kipande cha gunia kilichofungwa kwenye nguzo, karibu na pale anapopapenda, naye atahamia huko. Mkojo uoshwe kwa maji na sabuni ya unga hadi harufu iishe, maana harufu ikibaki, barua haijafutwa na dume mwingine atakuja kuijibu.

Dawa ya kweli ya mkojo huo na ya vilio vya usiku ni kumhasi dume na kumfunga jike uzazi, na katika mji huu haja hiyo ni kubwa kuliko Ulaya. Jike huingia katika hamu ya kupandwa siku zinapokuwa na mwanga mrefu. Katika nchi za kaskazini, majira ya baridi yenye usiku mrefu humpumzisha. Sisi tunaishi mlangoni pa ikweta, ambayo hupita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo paka wa Kisumu hana likizo. Jike anaweza kushika mimba akiwa bado hajatimiza miezi sita, akaibeba kwa wiki tisa hivi, akazaa watoto wanne, na baada ya muda mfupi akaanza tena. Ule mlio wa kutisha usikikao saa nane za usiku, unaofanya watu wamwage chumvi vizingitini, ni wa jike anayeita na madume wanaogombana. Sijaona bado mchawi aliyetokea humo, na nimetoka nje na tochi mara nyingi.

Najua jibu nitakalopewa: mtu anayelipa kodi kwa taabu atatoa wapi pesa za kumpasua paka? Ni hoja nzito, nami siidharau. Lakini ploti yetu ina vyumba kumi na viwili, na wote walikuwa tayari kuchangia sumu. Mchango ule ule, ukikusanywa kwa miezi michache, unaweza kumfikisha jike mmoja kwa daktari wa mifugo, na jike mmoja asiyezaa ni watoto wengi wa paka wasiotupwa mtaroni ndani ya mifuko. Nani amehesabu gharama ya sumu yenyewe?

Na tuizungumze sumu hiyo kinagaubaga. Sumu inayochanganywa na kichwa cha samaki haisomi jina la mlengwa. Ataila paka wa jirani mwenye mapenzi naye, kuku atadonoa mabaki, na mtoto anayetambaa uani atatia mkono mdomoni. Ile ya panya nayo ina hila yake: panya aliyeila hafi papo hapo, bali hulegea na kutembea mchana kama mlevi, akawa windo rahisi kwa paka, ambaye huipokea sumu kwa mkono wa pili. Katika mtaa ambamo watoto hucheza na samaki hukaangwa ndani ya ua mmoja, sioni jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kuikubali. Fauka ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, humchukulia anayemtesa mnyama kuwa mhalifu. Hata pasipo sheria, hesabu yenyewe haitimii. Ukiwaua paka watano huku mifupa ya samaki ingali juani, umefungua nafasi tano, na mashume wa mtaa wa pili watazijaza kabla ya mwezi kuisha.

Choo chake ni rahisi kuliko tufikiriavyo. Paka hupenda kufukia, na karai kuukuu lenye mchanga, likiwekwa kona tulivu mbali na chakula chake, hulitambua karibu bila kufunzwa. Mchanga usafishwe kila siku, na asiyefaa kuusafisha ni mama mjamzito. Katika kinyesi cha paka aliyeambukizwa huweza kuwamo kijidudu cha toksoplasma, ambacho ni hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kijidudu hicho huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo sababu kuondoa kinyesi kila siku ni kinga yenye nguvu. Kunawa mikono baada ya kulima bustani ni kinga nyingine.

Limebaki shtaka la mtoto aliyekwaruzwa. Nilimwuliza mtoto mwenyewe, maana katika mkutano hakuna aliyemwuliza. Alisema paka alikuwa amelala chali, akamshika tumbo. Watoto wengi hudhani kwamba tumbo lililoachwa wazi ni mwaliko. Ni dalili ya kujisikia salama, na mkono unaoshuka ghafla huivunja salama hiyo. Paka huzungumza kwa mwili kabla ya kutumia kucha. Mkia uliosimama wima ni salamu. Mkia unaopiga huku na huku si furaha kama ya mbwa, ni onyo. Masikio yakilala nyuma, mtoto na aondoke. Kukoroma kwake huwa kwa raha mara nyingi, lakini paka mgonjwa au mwenye maumivu naye hukoroma. Akikufumbia macho polepole, mfumbie vivyo hivyo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humkaribia zaidi mtu anayefanya hivyo. Na kama tunataka paka wasiowaogopa watoto, mikono ipole ya watu iwaguse kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yao. Anayekulia mvunguni hadi mwezi wa tatu pasi na kuguswa huenda akabaki shume maisha yake yote.

Kidonda cha jino au ukucha wa paka kisipuuzwe hata kidogo. Kichaa cha mbwa humshika paka pia, ingawa wengi wa wanaougua nchini hukipata kwa mbwa. Mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2014 unakusudia kwamba ifikapo 2030 asife Mkenya yeyote kwa ugonjwa huo uletwao na mbwa. Mtoto aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo kushauriwa juu ya chanjo, bila kungoja kuona kama paka ataugua. Paka naye achanjwe tangu miezi mitatu. Mwalimu anaweza kuwafundisha haya wanafunzi kwa nusu kipindi.

Nusu ile nyingine ya kipindi ningeitumia kwa jambo jingine. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka 2017 unatutaka tuwafunze watoto kuchunguza, nasi tunalalamika kwamba hatuna vifaa. Katika muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kumtazama paka mmoja, wa kwao au wa jirani, kwa wiki mbili, wakiandika saa, tendo, na kilichotokea kabla yake. Sikuwaruhusu kuandika maneno mbaya, mwizi, wala mchawi. Mwanzoni waliona ugumu mkubwa, kwa kuwa hayo ndiyo yalikuwa maneno yote waliyokuwa nayo. Msichana mmoja aliandika kwamba paka wao hulia mlangoni saa kumi na moja alfajiri kila siku, isipokuwa Jumapili. Nikamwuliza paka ameijuaje Jumapili. Akafikiri kidogo, akasema siku hiyo mama haamki mapema kwenda kuchukua samaki.